Picha za Vita na Machozi ya Watazamaji

Katika makala hii nataka kueleza jambo lililoleta maneno mengi hapa Kinjumbi, nalo ni hili: kwa nini mtu mzima, mwenye akili timamu, aweza kutoka nje ya nyumba ya senema akitetemeka kwa sababu ya picha ya vita, hali ajua kabisa kwamba ile ni picha tu. Wako wasemao kuwa ni woga. Wako wasemao kuwa ni ushamba. Mimi nasema si hili wala si lile, nami nitajaribu kuonyesha sababu zake kwa mambo yaliyotokea kweli katika nchi mbalimbali, na nchi yetu ikiwamo.

Chanzo cha maneno

Msimu wa ufuta uliopita, watu walipokwisha kuuza mazao yao na kupata fedha kidogo mfukoni, banda letu la senema lilijaa kila jioni. Siku moja ilionyeshwa filamu ya Kimarekani iitwayo Saving Private Ryan, iliyotengenezwa na Steven Spielberg mwaka 1998. Habari yake ni ya askari waliotelemka pwani ya Normandy katika Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, ili kuwaondoa Wajerumani walioishika nchi ile. Mwanzoni mwake, kwa muda wa karibu dakika 25, mtazamaji haoni kitu ila mapigano: mashua zafunguliwa mlango, risasi zaingia, watu waanguka majini, na bahari yageuka rangi ya damu.

Miongoni mwa watazamaji alikuwapo mzee mmoja wa hapa, ambaye ujanani mwake alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi katika Vita vya Kagera, vilivyopiganwa mwaka 1978 na 1979. Haikupita dakika kumi akasimama, mikono ikimtetemeka, akapita kati ya mabenchi bila kusema neno, akatoka nje akaketi chini ya mkorosho na kujishika kichwa. Vijana wakacheka. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Kumbe hata mwanajeshi huogopa picha!"

Neno lile halikubaki bandani. Kesho yake lilisikika kisimani, kesho kutwa likafika sokoni, na siku ya tatu mtoto mkubwa wa mzee alimfuata yule kijana kwao, wakashikana mashati. Mwenyekiti wa kijiji akawatenganisha. Baadaye katika baraza wazee wengine wakataka banda lifungwe kabisa, wakisema kwamba picha za vita ni za shetani. Na mwenye banda naye akasema kuwa picha ni mchezo, na asiyeuweza mchezo akae kwake. Kwa kuwa mimi ni karani, nami husoma magazeti na vitabu, mwenyekiti alinitaka nichunguze jambo hili na kuliandika, ili wazee, walimu na wote wasomao wapate kulipima. Nami nimefanya hivyo.

Picha zinazokwenda ni kitu gani

Yafaa kwanza kujua kuwa katika senema hakuna picha hata moja inayokwenda. Mashini yaonyesha picha moja moja zilizosimama, lakini kwa upesi mkubwa, kwa desturi picha 24 kwa kila sekunde. Jicho na ubongo haviwezi kuzitenga, basi huziunganisha zikawa mwendo mmoja. Kwa hiyo nusu ya kazi ya senema hufanywa na mashini, na nusu ya pili hufanywa na kichwa cha mtazamaji mwenyewe. Hili tulikumbuke, maana litatufaa mbele.

Tena picha ile ya Normandy haikupigwa Normandy. Ilipigwa katika pwani ya Curracloe, nchi ya Ireland, zaidi ya miaka 50 baada ya vita. Askari wengi waonekanao humo walikuwa askari wa akiba wa Ireland waliovikwa mavazi ya zamani. Wale waonekanao wamekatika mikono na miguu walikuwa watu waliopoteza viungo vyao tangu zamani kwa sababu nyingine, wakaajiriwa kwa kazi ile. Damu ilikuwa rangi. Mpiga picha alishika mashini yake mkononi akikimbia pamoja nao, ili picha itikisike kama macho ya mtu anayekimbia. Na sauti za risasi zilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa, hata mtazamaji adhani zampita sikioni.

Basi mtu aweza kuuliza: ikiwa yote ni kazi ya mafundi, mzee wetu alitoka kwa ajili gani? Ili kujibu, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Waingereza mwaka 1916

Watu wengi hudhani kuwa kutishwa na senema ni jambo la watu wa mashamba. Si kweli. Tarehe 1 Julai 1916, katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walianza kuwashambulia Wajerumani karibu na mto Somme katika Ufaransa. Siku ile moja Waingereza walipoteza watu zaidi ya 57,000 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea, na katika hao zaidi ya 19,000 walikufa. Wapiga picha wawili, Geoffrey Malins na John McDowell, walikuwapo na mashini zao. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule picha zao zilionyeshwa Uingereza kwa jina la The Battle of the Somme, wakati vita yenyewe ilikuwa ingali ikiendelea. Yakisiwa kuwa katika majuma sita ya kwanza tikiti kama milioni 20 zilikatwa.

Picha ile haikuwa na sauti wala rangi. Hata hivyo watu wa London, wenye treni na umeme na shule nyingi, walilia katika majumba ya senema. Wengine walitazama kwa bidii ili waone kama mtoto au mume wao atapita mbele yao. Palizuka mabishano makubwa magazetini. Mkuu wa kanisa kubwa la Durham alipinga, akasema kuwa si adabu kuwafanya wafu na majeruhi tamasha la watu, wakati nyumba za wafiwa zingali katika matanga. Wengine waliofiwa wakajibu kwamba wao wamefarijika, kwa kuwa sasa wamejua ndugu zao walipitia mambo gani. Mwaona kwamba shauri la baraza la Kinjumbi si shauri jipya. Limekwisha kuwashughulisha watu wakubwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Na hapa pana jambo la ajabu. Kipande kilichowaliza watu kuliko vyote kilikuwa kile cha askari watokao katika handaki, na wengine kuanguka na kutelemka chini wamekufa. Baadaye wachunguzi walikuta kwamba kipande kile hakikupigwa vitani. Kilikuwa cha maigizo, kilichopigwa nyuma ya mstari wa mapigano. Lakini machozi ya mama aliyefiwa hayakuwa maigizo. Kwa hiyo tusiseme, "Hii ni picha ya uongo, basi na huzuni yake ni ya uongo." Picha yaweza kuwa ya kutengenezwa, na jambo lililoguswa nayo moyoni likawa kweli tupu.

Vita visivyokuwa na picha

Mwaka ule ule wa 1916, mwezi wa Desemba, mapigano makali yalifika katika vilima vyetu vya Matumbi. Wajerumani na askari wao walipambana na jeshi la Waingereza huko Kibata, na upande wa Waingereza walikuwapo askari kutoka Bara Hindi na kutoka Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 yaitwa Ghana. Mizinga ililia katika mabonde ambamo watu walikuwa wakilima. Mwaka uliofuata, katika Oktoba 1917, palikuwa na vita vikubwa zaidi Mahiwa, upande wa Lindi. Na katika vita vile vyote walioteseka mno hawakuwa wenye bunduki, bali wapagazi waliochukua risasi na vyakula kichwani. Walikufa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki, wengi kwa njaa na maradhi.

Kabla ya hapo, mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilianza katika Umatumbi hii hii, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi wa Agosti mwaka ule. Vita vile vilikwisha mwaka 1907, na njaa iliyovifuata iliua watu wengi kuliko risasi. Yakisiwa kuwa waliokufa kwa vita na njaa walifika mamia ya maelfu.

Basi, hakuna filamu iliyopigwa Kibata ili kuwaonyesha wajukuu, wala hakuna filamu ya Maji Maji iliyopigwa siku zile. Kumbukumbu zake zilikaa katika vinywa vya wazee na katika majina ya mahali. Lakini wengi wetu tumelelewa na bibi na babu ambao nao walilelewa na watu waliokimbilia mapangoni. Haifai mtu wa Kinjumbi aseme kuwa vita ni jambo la Wazungu wa katika picha.

Motokaa za senema katika Tanganyika

Sasa nitaeleza jinsi senema ilivyoletwa kwa watu wa mashamba katika nchi yetu. Tangu mwaka 1935 hata 1937 palikuwa na kazi ya majaribio iliyofanywa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, na makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara. Fedha nyingi zilitoka Marekani, kwa shirika la Carnegie. Walitengeneza filamu 35 za mafundisho, kama vile habari za minyoo, za ngozi za ng'ombe na za kuweka fedha katika Benki ya Posta, wakazunguka nazo kwa motokaa katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Northern Rhodesia.

Vita Kuu ya pili ilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu kwa ajili ya makoloni, nayo iliendelea hata 1955. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafanya watu wa makoloni waunge mkono vita. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha za upesi, na kwamba lazima aonyeshwe mambo polepole, kitu kimoja kimoja. Wasomi waliochunguza baadaye wamelikataa wazo hili. Mtu yeyote, awe wa Kilwa au wa London, anapoona senema mara ya kwanza huhitaji muda mfupi wa kuizoea. Akiisha kuizoea huifuata. Ushahidi ni watoto wetu wa leo, ambao hufuata picha za upesi kuliko walimu wao.

Lakini liko jambo moja ambalo picha za Serikali siku zile hazikuwekwa kulionyesha, nalo ni gharama ya vita. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi, na katika watu karibu 1,300 waliokufa, wengi walikuwa askari wa Afrika ya Mashariki. Nia ya filamu za vita zilizotengenezwa kwa makoloni ilikuwa kuonyesha nguvu na ushindi. Kwa hiyo yatupasa kujua ya kuwa picha ya vita yaweza kumdanganya mtu kwa namna mbili: kwa kuonyesha lisilokuwapo, au kwa kuficha lililokuwapo. Namna hii ya pili ni ngumu zaidi kuitambua, kwa kuwa jicho haliwezi kushtakia kisichoonekana.

Mogadishu mwaka 2002

Tutoke kwetu twende Somalia. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 askari wa Marekani walipigana na wanamgambo katika mji wa Mogadishu. Helikopta mbili za Wamarekani ziliangushwa, Wamarekani 18 wakafa, na Wasomali waliokufa walikuwa mamia. Mwaka 2001 Ridley Scott alitengeneza filamu ya mapigano yale, iitwayo Black Hawk Down, nayo ilipigwa katika nchi ya Morocco.

Mwezi wa Januari 2002 nakala zake za wizi zilifika Mogadishu zikaonyeshwa kwa umati wa watu, na katika watu wale walikuwamo walioyaona mapigano yenyewe kwa macho yao. Huko Marekani watazamaji walikuwa wakinyamaza kwa huzuni kila askari alipoanguka. Mogadishu vijana walishangilia kila helikopta ilipoangushwa. Picha ilikuwa moja, sauti zikawa mbili. Wengine wakanung'unika kuwa katika filamu nzima hawaoni Wasomali halisi, bali watu wa nchi nyingine wasemao kwa namna isiyo yao, na kuwa Wasomali waliokufa hawakupewa hata jina.

Hapa twajifunza kwamba kila mtazamaji hutafuta watu wake katika picha. Kama nilivyosema, nusu ya senema hufanywa na kichwa cha mtazamaji, na kila kichwa kina habari zake ndani.

Rwanda na neno lao

Katika Rwanda, tangu tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku kama 100, watu wapatao 800,000 au zaidi waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Miaka kumi baadaye filamu kadha zilitengenezwa juu ya habari hiyo. Moja, Sometimes in April ya Raoul Peck, ilipigwa katika Rwanda yenyewe. Nyingine, iitwayo Shooting Dogs, ilipigwa Kigali katika shule ile ile ambayo askari wa Umoja wa Mataifa waliiacha tarehe 11 Aprili 1994, na watu wapatao 2,000 waliokimbilia humo wakaachwa mikononi mwa wauaji. Baadhi ya waliofanya kazi katika filamu hiyo walikuwa watu walionusurika. Filamu hizi zilionyeshwa Kigali katika uwanja wa Amahoro, ambao mwaka 1994 ulikuwa kimbilio la maelfu ya watu.

Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, ambalo maana yake ni kama kusema mtu amekosa pumzi kwa hofu. Hulitumia kwa mtu ambaye, akikumbushwa mauaji, hupiga kelele, hukimbia au huanguka kana kwamba wauaji wamesimama mbele yake. Katika mikutano yao ya maombolezo kila Aprili, huwapo watu waliofundishwa kazi ya kuwachukua wenye hali hiyo kwa upole, kuwapeleka pembeni na kuketi nao mpaka watulie. Hapana anayewacheka.

Sababu zake katika mwili

Sasa nieleze hali hii kama waganga wanavyoieleza. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, ambayo kazi yake ni kutupa habari ya hatari. Sehemu hii haingoji akili ifikiri. Ukiona kamba njiani usiku, mguu huruka kwanza, na baadaye ndipo akili husema, "Lo, ni kamba." Wakati ule mwili hutoa dawa yake iitwayo adrenalini, moyo hupiga upesi, jasho hutoka, mikono hutetemeka, na damu hukimbilia miguuni tayari kwa kukimbia.

Mtu aliyepata hatari kubwa mno, ubongo wake huweka alama ya mambo yote yaliyokuwapo saa ile: mlio, harufu, mwanga, sauti ya mtu anayeita. Hata baada ya miaka 40 mojawapo ya alama zile likirudi, mwili hufanya kama vile hatari imerudi. Akili yajua kuwa ni picha; mwili haujaambiwa. Wazee wetu hawakuwa na vitabu vya uganga huu, lakini walijua vizuri waliposema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hawakusema kuwa mtu huyo ni mwoga. Walisema kuwa ameumwa.

Katika Vita Kuu ya kwanza waganga wa Kizungu waliita hali hii mshtuko wa mizinga, na askari wengine walioishikwa nayo walidhaniwa kuwa waoga, hata wakaadhibiwa. Ilikuwa mpaka mwaka 1980 ndipo chama cha waganga wa akili wa Marekani kilipoiandika rasmi katika kitabu chake cha magonjwa.

Na filamu ile ile iliyomtoa mzee wetu bandani iliwatoa na wengine. Ilipoonyeshwa Marekani mwaka 1998, askari wazee waliotelemka Normandy mwaka 1944 walikwenda kuitazama. Wengine waliondoka katikati; wengine walikaa hadi mwisho, wasiweze kuinuka vitini. Idara ya Serikali ya Marekani iangaliayo askari wa zamani iliweka simu ya bure, ili yeyote aliyesumbuliwa na filamu ile apige na kusema na mtu. Basi, ikiwa mashujaa wa Normandy walihitaji simu ya kusaidiwa, je, askari wa Kagera hastahili hata kivuli cha mkorosho bila kuchekwa?

Niliyoambiwa na mzee

Nilikwenda nyumbani kwa mzee siku ya Ijumaa baada ya sala. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Karibu." Nikamweleza nia yangu, nikamwomba ruhusa ya kuandika bila kutaja jina lake, naye akakubali.

Akaniambia hivi: "Mimi sikuogopa picha ya watu. Damu yao nilijua ni rangi. Ni ile sauti. Sisi tulikuwa na makombora ambayo watu wa Uganda waliyaita saba saba. Yakitoka kwetu tulifurahi, lakini masikio yangu hayakujifunza kutenga yanayokwenda na yanayokuja. Mle bandani niliposikia mlio ule, nilimwona mwenzangu. Aliniomba maji, na chupa yangu ilikuwa tupu. Filamu yao haina habari za mwenzangu, lakini nilimwona mle."

Nikamwuliza kama yataka banda lifungwe. Akasema, "La, lisifungwe. Vijana watazame. Ila mtu angeniambia mapema kuwa ni picha ya namna gani, ningebaki kwangu nikanywa chai."

Mashauri

Kwa hayo yote, naweka mbele ya wazee, walimu na wenye mabanda mashauri haya.

Kwanza, mwenye banda aandike ubaoni, pamoja na jina la filamu, kuwa ni ya vita, ya mapenzi au ya kuchekesha, na kama ina mauaji makali atangaze kabla ya kuanza. Jambo hili halimgharimu hata shilingi.

Pili, watoto wasiingie katika picha za namna hiyo. Bodi ya Filamu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1976, na kazi yake mojawapo ni kukagua filamu na kuzipanga kwa umri. Mtoto hajui kutenga picha na jambo lenyewe kama mtu mzima, na huota usiku.

Tatu, wafasiri wa picha, wale tunaowaita madijei, wana madaraka makubwa. Sauti yao ndiyo iongozayo mioyo ya watu. Mfasiri akifanya mzaha mtu anapokatika mguu, banda lote hucheka, na vijana hujifunza kuwa maumivu ni kichekesho. Mzaha una mahali pake. Kifo si mahali pake.

Nne, mtu akitoka nje hali akitetemeka, asifuatwe na kicheko wala na maswali mengi. Amfuate mtu mmoja amjuaye, aketi naye, ampe maji, amwambie kwa upole mahali alipo na siku ya leo. Hali hiyo ikirudi mara kwa mara, au akikosa usingizi kwa majuma, apelekwe zahanati aeleze, maana ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una matibabu.

Tano, walimu wasiiache senema peke yake ifundishe vita. Wawaulize wanafunzi: Nani ametengeneza picha hii? Amewaonyesha akina nani, na amewaficha akina nani? Kisha wawatume kwa wazee wao kuuliza habari za Kagera, na habari za Kibata na Maji Maji kama zilivyopokewa kwa waliotangulia. Walio na kumbukumbu za Kagera wangali hai, lakini kila mwaka wanapungua.

Mashauri haya yalisomwa barazani. Mwenye banda amekwisha kutundika ubao wake. Yule kijana alikwenda kwa mzee pamoja na baba yake, akaomba radhi. Mzee akamwambia aketi, akamwonyesha picha moja ndogo ya karatasi, iliyokunjika pembe, ya vijana wanne waliovaa sare mwaka 1979. Hiyo nayo ni picha ya vita, wala haina damu hata tone moja. Kijana aliitazama muda mrefu, asicheke.

Mimi Karani,
Kinjumbi, Kilwa.